Mama alinituma sokoni Market Harborough

Mtoto asiyetumwa hajulikani na mtu. Nasema hivyo kwa uhakika kwa sababu nilikulia katika mji ambao hapakuwa na ndugu wala jamaa aliyetungoja, na bado tulijulikana upesi kuliko familia nyingi za kwetu ninazozifahamu huku Uingereza. Mji wenyewe ni Market Harborough, kusini mwa mkoa wa Leicestershire, kilomita 24 hivi kutoka jiji la Leicester. Tulihamia mwaka 1996 tukitokea Tanga, mimi nikiwa na miaka saba. Mama ni muuguzi, alikuwa amepata kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Baba akapata kazi ya zamu kwenye ghala. Mji ulikuwa na watu 20,000 hivi, na weusi tuliokuwemo tulifahamiana wote.

Siku hizi nikikaa na wazazi wenzangu nasikia malalamiko yaleyale: watoto wako ndani, macho kwenye simu, jirani hawamjui, salamu mpaka wasukumwe. Ndiyo maana nataka nieleze Mama alifanya nini. Hakusoma kitabu chochote cha malezi. Alinituma tu, kama yeye alivyotumwa Ngamiani, kule Tanga, akiwa mdogo.

Kwanza mji. Waingereza wana miji wanayoiita miji ya soko, na watu wa Lushoto na Korogwe wataielewa bila maelezo marefu: ni mahali penye haki ya kufanya gulio siku maalumu, vijiji vya jirani vikashuka na mazao, mifugo na habari. Soko la Harborough limetajwa kwenye maandishi tangu mwaka 1204. Barabara kuu ya mji ni pana kuliko magari yanavyohitaji, kwa sababu ilipimwa kwa ajili ya meza za wauzaji na makundi ya ng'ombe. Pembeni ya kanisa la St Dionysius, lenye mnara mrefu uliochongoka unaoonekana ukiwa bado mashambani, pamesimama jengo la mbao juu ya nguzo. Hiyo ni shule ya zamani, ilijengwa mwaka 1614. Fedha zilitolewa na Robert Smyth, mtoto wa mji huo aliyekwenda London kutafuta maisha akafanikiwa. Aliagiza darasa liwekwe juu, na chini pabaki wazi ili watu wa sokoni wapate pa kujikinga na mvua. Mama alilipenda jengo lile kuliko majengo yote ya Uingereza. Alisema mtu anayejenga shule akawakumbuka na wauza siagi, huyo amelelewa.

Tulipofika sisi, soko lilikuwa limeshahamia ndani ya jengo, barabara ya Northampton. Wazee walituonyesha palipokuwa na mnada wa ng'ombe na kondoo, sasa pana maduka na maegesho ya magari. Walipaonyesha kwa masikitiko.

Mama alikuwa na zamu za usiku, kwa hiyo Jumamosi asubuhi alikuwa analala. Wiki za mwanzo alinipitisha mwenyewe meza kwa meza. Kwa kila muuzaji alisema maneno yaleyale, Kiingereza chake kikiwa bado kizito: huyu ni binti yangu, nitakuwa namtuma kwako. Wengine walishangaa. Mtoto wa miaka minane kuja peke yake na fedha na kikapu halikuwa jambo walilolizoea tena, ingawa wengi wao walilifanya wenyewe utotoni. Mama hakuomba ruhusa. Alikuwa anawapa kazi. Tangu siku ile kila mwenye meza alikuwa na sehemu yake katika ulinzi wangu, na nadhani walilihisi.

Masharti yalikuwa machache. Nisalimie kwanza, ndipo niseme shida yangu. Nimtazame mtu machoni, na hili lilinitesa, kwa kuwa Tanga tulifundishwa kuinamisha uso mbele ya mkubwa. Mama alishagundua kazini kwamba hapa mtoto anayetazama chini hudhaniwa ana la kuficha. Nihesabu chenji palepale mbele ya muuzaji, bila haya. Na mvua ikinikuta njiani nisikimbie, nikasimame chini ya ile shule ya zamani mpaka ipungue. Nimesimama pale mara nyingi, kikapu katikati ya miguu, nikitazama maji yakichuruzika pande zote nami mkavu. Wapita njia wanaingia nao, wanakung'uta miavuli, wanaanza kuzungumza habari za hali ya hewa. Huwezi kukaa na Mwingereza chini ya paa moja wakati wa mvua asikusemeshe. Jaribu.

Mtu aliyenilea sokoni alikuwa mzee wa mboga. Alivaa glavu za sufu zilizokatwa vidole, na vidole vyenyewe vilikuwa vyeusi kwa udongo wa viazi. Alikuwa anamimina viazi kutoka kwenye bakuli la mizani hadi ndani ya mfuko wa karatasi ya kaki, kisha anaushika mfuko kwa pembe mbili za juu na kuuzungusha hewani kwa mkupuo mmoja. Ukitua mkononi umeshajifunga, una masikio mawili kama ya sungura. Nilijifunza kwa machungwa nyumbani na nikayamwaga jikoni kwetu kwa miezi.

Mizani yake ilipima kwa ratili. Mama hakupata shida, bibi yake alikuwa akipima unga kwa ratili, lakini mimi shuleni nilifundishwa kilo. Kisha likaja suala la sheria. Tangu tarehe 1 Januari 2000, bidhaa zisizofungashwa zilitakiwa kupimwa kwa kilo na gramu. Bei ya ratili ingeweza kuandikwa pembeni, lakini isichukue nafasi ya kilo. Wasiokuwepo hawawezi kuamini jinsi jambo hili lilivyowauma wauzaji. Kule Sunderland mwuza matunda mmoja, Steven Thoburn, alishtakiwa kwa kuuza ndizi kwa mizani ya ratili, akapatikana na hatia mwaka 2001, na jina lake likawa linatajwa kwenye kila meza ya soko nchini. Mzee wangu alinunua mizani mpya huku amenuna. Wateja wake, bibi na babu waliozoea kusema ratili moja na nusu, walisimama mbele ya namba wasizozielewa. Nami nilikuwa najua kwamba ratili ni gramu 454. Akaniita nyuma ya meza, akanisimamisha juu ya kreti, nikawa nawatafsiria wazee wa Kiingereza vipimo vyao wenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Sijawahi kupewa kazi iliyonipa heshima kubwa zaidi ya ile, na nimefanya kazi za ofisini zenye vyeo.

Si kila mlango ulifunguka. Kulikuwa na duka moja pale mjini, si sokoni, ambapo kila nikiingia mtu alinifuata nyuma rafu kwa rafu. Siku moja alinitaka nifungue begi la shule mbele ya watu. Ndani mlikuwa na daftari na mkate. Nilirudi nyumbani sina sauti. Mama alikuwa amejiandaa kwenda kazini. Akanishika mkono tukarudi naye dukani, amevaa sare yake ya uuguzi. Akasalimia, akajitambulisha, akanitambulisha mimi kwa jina langu na la baba yangu, akasema anapofanya kazi. Hakufoka. Yule mtu hakuomba radhi, akabaki anapanga vitu vilivyokwisha kupangwa.

Jumamosi iliyofuata mzee wa mboga alikuwa na habari zote. Mji mdogo haufichi kitu. Hakunipa pole. Alivua aproni, akaniambia nimwangalizie meza akanywe chai, akaondoka, na sanduku la fedha akaliacha wazi mbele yangu. Wateja wakaja, nikawahudumia. Mtu aliyenifuata rafu kwa rafu alipita kwenye ujia wa soko, akaniona nimesimama nyuma ya fedha za mtu. Mpaka leo siamini kwamba ilitokea tu. Nadhani mzee alimwona akiingia.

Kutumwa hakukuishia sokoni. Nyumba yetu ilishikana ukuta na ya bibi mmoja aliyefanya kazi tangu usichana wake katika kiwanda cha Symington. Kiwanda hicho kilishona korseti, vazi la wanawake la kubana kiuno, na tangu mwaka 1908 kikawa kinatengeneza Liberty Bodice, kizibao laini cha kuwakinga watoto na baridi, chenye vifungo vya mpira. Bibi wa Kiingereza wa umri fulani wakikisikia kizibao hicho huguna na kucheka, maana wote walivishwa kwa lazima. Jengo la kiwanda, matofali mekundu, ghorofa juu ya ghorofa, bado lipo karibu na kanisa, na baadaye likawa na ofisi za halmashauri na makumbusho. Jirani yetu alitaka nimwite kwa jina lake la kwanza kama watoto wengine walivyofanya. Mama alikataa katakata. Mtu wa umri wa mama yake haitwi jina na mtoto wake. Nikamwita Bibi, kwa Kiswahili, na alipoelezwa maana yake hakutaka tena jina lingine kutoka kwangu.

Ramadhani ya kwanza ilituangukia Januari 1997. Magharibi ilikuwa inaingia baada ya saa kumi jioni, nikitoka shule nakuta watu wanakaribia kufuturu. Mama alipika vitumbua, akajaza sahani, akanituma kwa Bibi. Sahani ikarudi siku ya pili imeoshwa, inang'aa, tupu. Mama aliitazama, akaipanga kabatini, na jioni akaijaza tena. Ikarudi tupu tena. Ilikwenda hivyo mpaka siku moja Bibi akauliza kwa nini sisi hatuchoki kutoa. Nikamweleza, kwa akili yangu ya kitoto, kwamba kwetu sahani hairudi mikono mitupu, hata ukiwa huna kitu utaweka chumvi. Mama angenichapa kwa kumsemea mtu hivyo. Lakini Bibi hakukasirika. Kesho yake sahani ilikuja na matufaa ya kuoka yenye unga wa siagi na sukari juu, bado ya moto. Toka hapo sahani ile haikutulia kabatini. Alinifundisha kushona tundu la kifungo kwa mkono, mishono midogo inayobanana, na alikuwa anafumua kazi yangu yote nikiruka hata mmoja. Nikifanya kazi nzuri hakusifu, alinipa ngumu zaidi.

Leicester tulikuwa tunakwenda kwa nyama ya halali na kwa Idi, kwa sababu Harborough msikiti haukuwepo. Kwa treni ni robo saa hivi. Nje ya stesheni ya Leicester pana sanamu ya Thomas Cook, na Baba hakuchoka kunisimulia kisa chake: fundi mbao aliyekuwa akiishi Market Harborough, ambaye mwaka 1841 alitembea kwa miguu kutoka mji wetu hadi Leicester kwenye mkutano wa kupinga ulevi, na njiani likamjia wazo la kukodi treni kwa ajili ya watu. Tarehe 5 Julai mwaka huohuo akawasafirisha watu 500 hivi hadi Loughborough kwa shilingi moja kila mmoja. Biashara ya utalii iliyokuja kujaza hoteli za Zanzibar ina mizizi kwenye matembezi yale. Baba alikuwa akisema mtu akitembea mwenyewe ndiyo hupata fikra, na mara moja alijaribu kutushawishi turudi nyumbani kwa miguu.

Belgrave Road, barabara ya maduka kule Leicester, palikuwa Afrika Mashariki yetu. Muhogo, bamia, nazi, ndizi mbichi, maembe ya kiangazi. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya jiji la Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije huko. Walikuja wengi, pamoja na wengine waliotoka Kenya na Tanzania, wakafungua maduka yaliyokuwa yamefungwa. Mwenye duka letu alizaliwa Mwanza. Mama alimwamkia shikamoo mzee, naye akaitikia marahaba mama, habari za nyumbani. Kisha akanigeukia.

"Wewe binti, umetumwa au umesindikiza?"

Nikajibu nimesindikiza. Akasema basi, safari ijayo utumwe. Mama akacheka mpaka akashika mbavu, kwa sababu katika nchi nzima alikuwa hajakutana na mtu aliyelielewa jambo lile bila kuelezwa. Nilipofika kidato cha kwanza nilianza kwenda kwake peke yangu kwa treni, na kila mara alipiga simu nyumbani kusema mtoto amefika, na nyingine kusema ameondoka.

Kiangazi Baba alitupeleka Foxton, nje kidogo ya mji, kwenye ngazi za maji za mfereji. Ni malango kumi mfululizo, mafungu mawili ya matano, yaliyoanza kazi mwaka 1814, na yanapandisha boti mita 23 hivi juu ya mlima. Yanaendeshwa kwa mikono mpaka leo. Pale watu wazima wasiokujua kabisa wanakutuma. Boti likiingia, mtu anakuita, anakupa mkono wa chuma wa kuzungushia vizuizi vya maji, anakuonyesha: chekundu kwanza, cheupe baadaye, ukigeuza utaratibu utaleta mafuriko. Halafu unaegemeza mgongo kwenye boriti ndefu ya lango, unakanyaga matofali yaliyowekwa yakichomoza ardhini ili miguu isiteleze, na unasukuma. Hakuna kinachotokea. Unaendelea kusukuma. Ghafla maji ya pande mbili yanakuwa sawa na tani za mbao zinaanza kwenda taratibu nyuma ya mgongo wa mtoto. Hakuna aliyeniuliza natoka wapi mpaka lango lilipofunguka.

Na kulikuwa na mayai. Barabara ya kwenda vijijini pana shamba lililokuwa likiacha trei za mayai langoni, pembeni kopo la kuwekea fedha, mtu hayupo. Mama alipoliona mara ya kwanza alisimama akatazama huku na huku akitafuta mwenyewe. Mayai yakawa zamu yangu kwa baiskeli. Mwaka 2001 ugonjwa wa miguu na midomo wa mifugo ulipoingia nchini, njia za mashambani zilifungwa, langoni pakatandikwa majani makavu yaliyoloweshwa dawa, na kopo likaondolewa. Nchi nzima waliuawa wanyama zaidi ya milioni 6. Darasani tulikuwa na watoto wa wafugaji; mmoja hakuja shule wiki kadhaa kwa sababu nyumbani kwao hakuruhusiwa mtu kutoka. Mama alimwandikia mama yake barua ya pole, kama ya msiba, akanituma niipeleke posta. Jibu lilikuja baada ya miezi, pamoja na trei ya mayai.

Sasa naishi Leicester na mtoto wangu wa kiume ana miaka minane. Soko la Harborough bado lipo, ingawa meza zimepungua na wengi wanalipa kwa kadi. Nikiwaambia wenzangu wamtume mtoto, wananijibu kwamba dunia imebadilika, magari ni mengi, watu hawaaminiki, na shule au majirani wanaweza kukuripoti. Hofu hiyo naielewa, nami ninayo. Lakini nakumbuka kwamba Mama naye aliogopa. Alikuwa mgeni kuliko sisi, hajui lugha vizuri, na katika mji ule hakuwa na shangazi wa mtoto wala mjomba. Alianza kwa kunipitisha meza kwa meza wiki nzima nzima kabla hajaniachia kikapu. Sehemu hiyo ndiyo watu wanairuka. Wanataka mtoto aende au asiende, na hawataki kutembea naye kwanza wakimtambulisha kwa majina.

Mtaani kwetu nimeshampitisha kwa mwuza mboga, kwa kinyozi na kwa dada wa duka la mikate. Mume wangu anataka tungoje mpaka afike miaka kumi. Mimi naona mkate unaweza kuanza sasa, duka liko upande wetu wa barabara na dada yule ameshajua jina lake. Tumekubaliana ataanza Jumamosi hii, mimi nikiwa mlangoni, na fedha taslimu, ili ahesabu chenji.